Daftari Nililolidanganya

Waliosema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu hawakuwa wakicheza na maneno. Mimi ndimi shahidi. Methali hii nimeikariri tangu shule ya msingi, nimeitumia katika insha zisizohesabika na kutiwa alama nzuri kwa ajili yake, lakini sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ingenigeukia mimi mwenyewe, tena katika mguu halisi, mguu huu wa kulia ambao nimeunyosha chini ya dawati nikiandika. Mhariri wa jarida letu aliponiomba niandike kuhusu riadha, nadhani alitaka nisimulie jinsi nilivyoshinda. Niwie radhi, ndugu mhariri. Nitasimulia jinsi nilivyodanganya.

Nilipokuwa kidato cha pili, shule nzima ilinijua kwa lakabu ya Moshi. Nilipewa jina hilo kwa sababu filimbi ikilia mimi huwa nimekwisha kutoweka, wenzangu wakibaki kula vumbi. Mbio zangu zilikuwa za mita 800. Katika uwanja wetu hapa shuleni hakuna aliyenifikia, na rekodi ya shule ilikuwa yangu. Basi tulipokwenda mashindano ya kaunti ndogo nilikwenda kifua mbele kama jogoo wa shamba, nikisahau kwamba jogoo huyo hawiki mjini.

Filimbi ililia, nikachomoka. Mzunguko wa kwanza nilikuwa mbele kwa hatua nyingi, nao vijana wa shule yetu wakishangilia, "Moshi! Moshi!" Lo! Mzunguko wa pili ulipoanza, miguu ikawa si yangu tena. Ilikuwa kama mtu amenifunga magunia mawili ya mahindi. Walinipita mmoja, wawili, watatu, hata nikaacha kuhesabu. Nilimaliza wa nane. Tukiwa ndani ya basi kurudi shuleni, kijana mmoja akasema kwa sauti, "Ama kweli moshi ukipanda juu hupotea." Basi zima likaangua kicheko. Nami nilicheka, lakini kicheko cha kufunika machozi.

Siku ile palikuwa na mwalimu mmoja aliyesimama kando ya uwanja na saa ya kupimia sekunde. Huyu alikuwa mwalimu wetu mpya wa Biolojia, ambaye alikuwa ameongezewa jukumu la riadha kwa vile hakuna mwingine aliyelitaka. Sisi tulimwita Madam Sekunde, kwa siri bila shaka. Kesho yake aliniita, akanionyesha karatasi. Mzunguko wa kwanza, sekunde 57. Mzunguko wa pili, sekunde 73. Jumla, dakika 2 na sekunde 10.

"Toa 57 kutoka 73," akaniambia.

"Kumi na sita, Madam."

"Mwaka 2012 kule London, David Rudisha alipoweka rekodi ya dunia ya dakika 1 na sekunde 40.91, mzunguko wake wa kwanza ulikuwa sekunde 49.28 na wa pili 51.63. Toa hiyo pia."

Nilitoa. Sekunde mbili na ushee. Nikanyamaza.

"Wewe huna ugonjwa wa mwendo," akasema. "Una ugonjwa wa hesabu."

Nitasema ukweli, nilimdharau. Sisi wavulana tuliulizana, mwanamke ambaye hatujawahi kumwona akikimbia hata mvua ikimnyeshea, atatufundisha nini? Nadhani fununu zilimfikia, kwa sababu siku moja darasani, tukiwa katikati ya somo la mzunguko wa damu, alitusimulia juu ya Brother Colm O'Connell. Mtu huyu alitoka Ireland akafika St. Patrick's, Iten, mwaka 1976, kufundisha jiografia. Hakuwa mwanariadha wala kocha. Alichokifanya ni kutazama kwa makini, kuuliza na kujifunza, na mikononi mwake wakapita mabingwa wa dunia na wa Olimpiki, Rudisha akiwa mmojawapo. Madam hakusema lolote zaidi. Alirudi kwenye ubao na kuendelea na somo lake la moyo. Wenye masikio tulisikia.

Kazi yake ya kwanza iliishangaza shule. Aliazima kamba ya kupimia, akachukua wanafunzi wawili, wakaupima uwanja wetu wa mbio. Kumbe! Uwanja tuliodhani ni wa mita 400 ulikuwa wa mita 376. Kwa miaka na mikaka tulikuwa tukikimbia uwanja uliopungua mita 24 kila mzunguko, ambazo kwa mwendo wangu ni kama sekunde tatu na nusu. Kwa mizunguko miwili ni sekunde saba. Rekodi yangu ya shule ilianguka mchana kweupe bila mtu yeyote kuikimbilia. Madam akachora mistari mipya kwa chokaa, akatuambia, "Kipimo kibaya ni kibaya kuliko kukosa kipimo, kwa sababu asiyekuwa na kipimo anajua kwamba hajui." Sikujua kwamba maneno hayo yangenirudia.

Kisha akatupa madaftari, sisi wanane tuliochaguliwa. Kila ukurasa ulikuwa na safu nne: mapigo ya moyo asubuhi, saa za usingizi, mazoezi ya siku, na maumivu. Mapigo tulitakiwa kuyahesabu mara tu tunapoamka, kabla ya kuinuka kitandani, vidole viwili kwenye mkono au shingoni, kwa dakika nzima. Alitueleza kuwa moyo uliozoea mazoezi hupiga polepole unapopumzika kwa sababu kila pigo husukuma damu nyingi. Mapigo ya asubuhi yakipanda siku mbili tatu mfululizo, huenda mwili umechoka, au homa iko njiani, au kuna jambo linalokunyima raha. Si mizani ya dhahabu, alisema, lakini ni mlinzi wa mlangoni. Mapigo yangu yalikuwa 54.

Ratiba yenyewe ilituudhi. Siku za kazi ngumu zilikuwa mbili tu kwa wiki, Jumanne na Ijumaa. Siku nyingine tulikimbia polepole, mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza sentensi nzima bila kutweta, na Jumapili ilikuwa ya kupumzika kabisa. Ukitweta, Madam anakuuliza swali la Biolojia. Ukishindwa kulijibu kwa pumzi moja, unapunguza mwendo. Vijana wa kandanda walitucheka wakatuita wazee wa kijiji wanaokwenda barazani. Siku ngumu nazo zilikuwa ngumu kwelikweli. Tulikimbia mita 200 kwa kasi, kisha tukatembea huku vidole viko shingoni. Ukihesabu mapigo 30 kwa sekunde 15, yaani 120 kwa dakika, unaanza tena. Madam alituambia kuwa njia hii ilitokana na kazi ya kocha Woldemar Gerschler na daktari wa moyo Herbert Reindell huko Ujerumani. Mwanafunzi wa Gerschler, Rudolf Harbig, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 46.6 mwaka 1939, rekodi iliyodumu hadi 1955. Alikimbia hivyo katika enzi za uwanja wa vumbi, kabla baba zetu hawajazaliwa.

"Mazoezi hayakujengi," Madam alipenda kusema. "Mazoezi hukubomoa kidogo. Kinachokujenga ni chakula, usingizi na siku ya kupumzika. Fundi akimwaga zege leo, hapitishi lori juu yake kesho asubuhi."

Baada ya miezi michache nilikuwa nimeshuka hadi dakika 2 na sekunde 6 katika uwanja wa kipimo halali. Ungedhani mtu mwenye akili timamu angeendelea hivyo hivyo. Lakini ndugu msomaji, kuna jambo ambalo daftari halikuwa na safu yake.

Mwanzoni mwa kidato cha tatu nilirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Nilimkuta mama akipukuchua mahindi. Hakuniuliza kitu, kwa maana sare ya shule siku ya Jumatano saa nne asubuhi hujieleza yenyewe. Kesho yake alimfunga kamba mbuzi wetu wa pekee wa maziwa, akaenda naye sokoni. Jioni alirudi peke yake na fedha za karo, na ndani ya mfuko wa nailoni akanitolea jozi ya njumu za mitumba. "Nasikia unakimbia," akasema. "Wengine wamekimbia wakafika mbali." Hayo tu.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nimesikia habari za Wakenya waliopata masomo katika vyuo vikuu vya Marekani kwa sababu ya miguu yao, kama Patrick Sang, aliyesomea Texas, akapata medali ya fedha ya kuruka viunzi na maji mwaka 1992 kule Barcelona, na baadaye akawa kocha wa Eliud Kipchoge. Nikajiambia, miguu hii ndiyo itakayomrudishia mama mbuzi wake. Sasa niambieni, mtu mwenye deni kama hilo atapumzikaje Jumapili? Kila siku ya kukimbia polepole niliiona kama wizi. Nilihisi namwibia mama.

Basi nikaanza ratiba yangu ya siri. Saa kumi alfajiri, wenzangu wakikoroma bwenini, nilitoka kimyakimya, nikakimbia kuzunguka ua wa shule kwa kasi yote niliyokuwa nayo, kila siku, Jumapili ikiwemo. Saa kumi na moja kengele ikilia niko kitandani, nimejifunika blanketi, jasho likinitiririka. Jioni nilifanya mazoezi ya Madam kama kawaida. Wiki ya kwanza nilijiona simba. Wiki ya pili mapigo ya asubuhi yakawa 58. Wiki ya tatu 61. Wiki ya nne 64, nami nikawa nasinzia katika kila somo na kununa bila sababu. Hapo ndipo nilipofanya lile lililonileta mbele yenu leo. Nilichukua kalamu nikaandika 54. Kesho yake 55. Kesho kutwa 54. Chini ya "usingizi" niliandika saa nane. Chini ya "maumivu" niliandika hakuna.

Maumivu yalikuwako. Yalianza kama moto mdogo kwenye muundi wa mguu wa kulia, ukipoa nikishapata joto. Baadaye haukupoa. Mwishowe ulijikusanya mahali pamoja tu, mahali padogo kama sarafu ya shilingi, hata shuka likipagusa usiku nilishtuka. Nikajipaka dawa ya kuchua na kujiambia kwamba mwanamume ni kuvumilia.

Wiki mbili kabla ya mashindano Madam alitupima. Nilikimbia dakika 2 na sekunde 9. Nilikuwa nimefanya kazi maradufu nikawa nimerudi nyuma. Madam alilitazama daftari langu kwa muda mrefu.

"Unalala?"

"Ndiyo, Madam."

"Una maumivu yoyote?"

"Hapana, Madam."

Alinitazama tena. Kisha akanirudishia daftari.

Siku ya mashindano ilifika. Nilivaa njumu za mama. Mzunguko wa kwanza nilikwenda kwa hesabu kama nilivyofundishwa, nikiwa wa nne, nikijiambia subiri, subiri. Tulipopita kengele nikaongeza mwendo. Hatua kama ishirini hivi mbele nilisikia kitu mguuni. Sikusema nilihisi, nasema nilisikia, kama kijiti kikavu kinapokanyagwa. Nilianguka kifudifudi. Wenzangu wakanipita, na vumbi lao nikalila mimi, Moshi.

Hospitalini daktari alinibonyeza kwa kidole gumba pale pale penye shilingi. Nilipiga ukelele. Picha ya eksirei ilionyesha ufa kwenye mfupa wa muundi. Daktari akaniuliza uchungu ulianza lini. Nilimtazama Madam aliyekuwa amenishikia begi, nikamtazama mama aliyekuwa amefika kwa matatu mbili akiwa bado na leso ya shambani. Nikasema, "Wiki tano zilizopita." Kisha maneno yakatoka yote kama maji ya bomba lililopasuka: ua wa shule, saa kumi alfajiri, 64 iliyoandikwa 54, na mbuzi.

Daktari alinieleza kwa upole. Mfupa si jiwe, alisema, ni kitu hai. Kila unapokimbia, unapata nyufa ndogondogo zisizoonekana, na mwili huziziba ukipewa muda, tena ukazibika ukiwa imara kuliko mwanzo. Ukiunyima muda, nyufa huungana zikawa ufa mmoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali ya pili hiyo, nayo pia ilikuwa mguuni mwangu.

Nilingoja Madam anikemee. Hakunikemea. Jioni ile, tukiwa tumekaa kwenye benchi, alilifungua daftari langu akaniwekea kidole penye zile 54, 55, 54, 54, 55. "Moyo wa mtu hauendi hivi," akasema. "Hata saa ya ukutani hupotea kidogo. Niliona, nikasita. Nilikuuliza kwa mdomo, lakini sikukushika mguu. Kosa la kwanza ni lako. La pili ni langu." Sikuwahi kumsikia mwalimu akisema hivyo. Mama naye aliposikia habari ya mbuzi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mbuzi nilimuuza ili usome. Njumu zilikuwa za kukufurahisha tu." Maneno hayo yaliniuma kuliko ufa.

Nilitembea kwa magongo, kisha bila magongo, na kwa wiki nane sikukimbia hata hatua moja. Siku nilipoondoa magongo, Madam alinipa daftari jipya. Ukurasa wa kwanza aliandika mwenyewe: "Andika la leo." Niliandika mapigo 66, maumivu kidogo, hofu nyingi. Tulianza kwa kutembea dakika kumi. Baadaye tukakimbia dakika moja na kutembea dakika moja. Kama mguu unauma kesho yake, tunarudi nyuma hatua moja. Nilikuwa nimesikia kwamba Kipchoge, yule aliyekimbia kilomita 42 kule Vienna mwaka 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, ameandika mazoezi yake daftarini tangu mwaka 2003, na kwamba siku za kupumzika yeye na wenzake pale Kaptagat huanza mbio zao polepole kiasi kwamba hata mtu wa kawaida angeweza kuwafuata kwa muda. Zamani habari hizo nilizipita kama urembo wa magazetini. Sasa nilizielewa. Bingwa haoni haya kwenda polepole, kwa sababu anajua Jumanne inakuja.

Mwaka huu, nikiwa kidato cha nne, nilirudi kwenye uwanja ule ule. Mzunguko wa kwanza sekunde 60.8. Mzunguko wa pili 63.1. Toa mwenyewe. Dakika 2 na sekunde 3.9, nikawa wa pili na kwenda mashindano ya kaunti. Huko nilimaliza wa tano, kwa dakika 2 na sekunde 3.2, nikabaki pale pale. Hakuna chuo cha Marekani kilichonipigia simu. Karo bado ni mlima, na mtihani wa KCSE uko mlangoni. Mama hana mbuzi bado, ingawa ana kuku sita, na siku ya kaunti alikuja kutazama akiwa amevaa leso mpya.

Wadogo zangu mliochukua nafasi zetu katika riadha, najua mnavyofikiri, kwa sababu nami nilifikiri hivyo: kwamba sayansi ni ya wazungu na maabara, na kwamba sisi tusiotoka Iten tutawashinda wengine kwa kuumia zaidi yao. Kila kitu alichotumia Madam kilikuwa kamba ya kupimia, chokaa, saa moja, vidole viwili shingoni na daftari la kurasa 96. Hakuna mashine hapo. Lakini vitu hivyo vyote vinategemea kitu kimoja ambacho Madam hawezi kuwanunulia, nacho ni mtu wa kuandika ukweli saa kumi na mbili asubuhi wakati hakuna anayemwona. Na kama lipo jambo linalowanyima usingizi nyumbani, lisilokuwa na safu yake daftarini, mwendeeni mwalimu mumwambie kwa mdomo. Mimi nilisubiri mpaka mfupa ukaniambia.

Daftari langu la kwanza ninalo bado. Sikulichana. Madam ameniomba nimwachie nikimaliza shule, awe akiwaonyesha wageni ule ukurasa wa 54 na 55. Nimekubali. La pili bado naliandika, japo mashindano yangu yamekwisha. Leo asubuhi nimehesabu nikapata 59. Ni mtihani, nadhani. Nimeandika 59.